Dai la Saba

Nimeapishwa Düsseldorf, ghorofa ya pili,
mimi Irmtraud Vosskamp, mstaafu,
zamani fundi wa maabara.
Mawakili kumi na mmoja wamevaa majoho.
Kampuni mbili zimekaa kama wake wenza msibani.
Zinagombea tundu.

Tundu lenyewe: unywele mmoja hupita,
wa pili husukumana.
Damu hufyonzwa hapo, chembe sahani
hukuta kolajeni ukingoni, hushikana, huziba.
Wewe unahesabu sekunde.
Basi. Hiyo ndiyo hataza.

“Nani aliona kwanza?” auliza Bwana Terbrüggen,
kama mtu anayeuliza bei ya samaki
asiyekusudia kumnunua.

Detlef, Mheshimiwa.
Asubuhi baada ya kanivali aliingia kazini
rangi ya kijani ingali nyuma ya sikio,
kichwa kinamgonga,
kameza aspirini mbili kavukavu.
Siku hiyo hatukuwa na wa kumtoa damu,
akakunja shati.
Damu yangu iliziba kwa sekunde mia na nne.
Yake ikapita. Ikapita.
Ikapita hata kikombe kikakauka.
“Mashine imekufa,” nikasema.
“Mashine nzima,” akajibu. “Mbovu ni mimi.”
Nikaandika vyote kwa penseli.

Na penseli ndiyo kesi yenyewe.
Hawa wanasema penseli hufutika.
Wale wamemleta mtaalamu wa risasi,
ya penseli, kutoka Zürich.
Detlef haitiki tena; yuko makaburini Gerresheim,
na kwenye jalada lao anaitwa
Mfanyakazi B.

Chembe sahani huishi siku kumi.
Hataza, miaka ishirini.
Hilo lilinitoka kwa sauti.
Jaji akaniambia nijibu nilichoulizwa.

Nilipofunua daftari, ukurasa wa arubaini na mbili,
karatasi ikanikata kidole cha shahada.
Kidogo tu.
Lakini nami siku hizi nameza aspirini,
moja kila asubuhi, kwa ajili ya moyo,
na damu haikuwa na haraka.
Karani akaniletea kitambaa,
kisha cha pili.
Bwana Terbrüggen alikuwa akisoma dai la saba,
neno kwa neno, namna ya kupima
muda wa damu kuziba,
haki zote ni za mteja wake.

Nikakibana kidole chini ya meza.
Mia na hamsini. Mia na themanini.
Sikumwomba mtu ruhusa.
Mia mbili na kumi, bado,
na doa limefika karibu na jina la Detlef,
nikalisogeza daftari.