Hatua Mia Nne

Shangazi Shinuna ameihesabu njia kwa tasbihi,
dirishani, kwa macho:
kutoka mlango wetu hadi kwa muuza mikate wa ng'ambo
ni hatua mia nne. Mia nne tu.
Ila katikati pana barabara ya njia nane,
na uzio wa chuma,
na magari yanayokimbia kama yamefumaniwa.
Yeye aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja,
hakudhani ipo ng'ambo itakayomshinda.

Basi nachukua funguo.
Kilomita saba: mzunguko, daraja, mzunguko, taa,
taa nyingine, kutafuta pa kuegesha.
Mkate unafika umepoa kwa kiyoyozi.

"Si wewe mchora barabara?"
Ni mimi. Mwaka wa kumi na tisa manispaa.
Nimepinda kona zimfae dereva wa lori la tani arobaini,
nimepima jicho lake usiku linaona mpaka wapi.
Goti la mwanamke wa miaka sabini na moja
halina jedwali kitabuni mwetu.

Jioni Al Khuwair hunywa chai bila kushuka garini.
Honi moja, sukari kidogo.
Honi mbili, umechelewa.
Shafeeq anatoka mbio na trei, anarudi, anatoka,
mtaa mzima yeye peke yake ndiye mwenye miguu.

Na Julai, joto likiamka kabla ya muadhini,
namshusha Shangazi kwenye jumba la maduka.
Wenziwe wapo tayari, mabuibui na raba nyeupe,
wanazunguka milango iliyofungwa,
raundi kumi, amri ya daktari,
wakizipita sanamu zilizovaa makoti ya baridi.
Tumechoma petroli ili mtu akatembee.

"Nani atatembea na jua hili?" husema wakubwa kikaoni,
nami huitikia kwa kichwa.
Niliitikia hivyo miaka,
mpaka Ijumaa ile ya Matrah aliponivuta mkono
tukaingia kichochoro nyuma ya soko:
ukuta huku, ukuta huku,
upana wa punda mmoja na mzigo wake,
na kivuli kimelala chini, kizito, hakina haraka.
Saa saba mchana. Hakufuta hata jasho.
Akaugonga ukuta kwa kidole cha pete:
"Hawa jua hawakulijua?"

Jumapili nikachora.
Daraja la miguu, mteremko wa taratibu,
paa la kukata jua la alasiri,
mighafu sita kila upande,
na benchi katikati,
maana kwenye mia mbili ndipo goti linapodai.

Mchoro umerudi leo na swali la wino mwekundu:
Idadi ya watumiaji?

Nimeandika: mmoja.
Nikakaa. Nikaongeza:
na Shafeeq, siku akipewa ruhusa.