Daftari la Mafuta, Songwe

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeiatamia njia ya kurukia
kama kuku, hautaki kufukuzwa.
Nasubiri na bomba langu,
ndani ya koti la kampuni lililoshonewa mtu mkubwa kuliko mimi.

Ile ndege ya zamani niliijua kwa kiu yake.
Ikitua, vikombe vya Mama Tusajigwe
vilicheza kantini vyenyewe.
Ilikunywa, ikanywa, mita ikazunguka hadi macho yakachoka,
na ilipoondoka iliacha masizi angani,
mstari usio na haraka ya kufutika.

Hii mpya ina mapanga sita membamba kila upande,
ncha za mabawa zimekunjwa juu kidogo
kama mwanamke anayeinua kanga kuvuka tope.
Siku ya kwanza nilidhani mita imekufa.
Nikaigonga kwa kidole. Nikamwita Nzunda.
Nzunda akacheka:
"Imeshiba, Ambakisye. Funga kifuniko."

Usiku ule nilipiga hesabu,
mwandiko mbaya, wino umelowa:
safari ileile ya Dar, abiria walewale,
mafuta pungufu kwa theluthi.
Theluthi.
Nililitamka neno hilo kitandani
mpaka mke wangu akauliza ni jina la nani.

Mimi ni mshika bomba tu, injini sikuiunda.
Lakini mama yangu ana kahawa kule Igamba,
na mvua ya kuchanusha maua siku hizi
inakuja kama mdaiwa: leo ahadi, kesho ahadi,
halafu inalipa yote kwa mkupuo
na maua yanalala chini.
Mama haulizi habari za ndege. Anauliza mawingu.

Nilitaka kumpelekea theluthi yangu,
niifunge kwenye gazeti kama sukari.
Kisha ratiba mpya ikabandikwa mlangoni:
nauli imeshuka, safari mbili zimekuwa tatu.
Nikarudi kwenye daftari.
Mbili mara tatu. Tatu mara mbili.
Nzunda hakucheka safari hii.
Kiu imepungua, vinywa vimeongezeka.

Sasa inasikika juu ya ukungu, haijaonekana,
inazunguka, inatafuta tundu la kushukia,
na kila mzunguko nao una lita zake.
Nachomoa kalamu nyuma ya sikio.
Naandika tarehe.
Nafasi ya lita naiacha wazi.