Amezidi Mmoja

Kikosi kiliundwa Agosti, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo,
mabanda yakinuka bado ng'ombe wa tuzo.
Watu mia tisa arobaini na wawili.
Mimi nilipewa kalamu kwa kuwa nilijua kugawanya kwa njia ndefu
na mguu wangu wa kushoto ulikuwa mfupi.

Daftari lataka hivi: tarehe, mahali, kazi.
Basi: Septemba, kulinda reli. Oktoba, kulinda reli.
Novemba, kulinda reli, na surua.
Vijana wa mashambani, hawajapata kulala watu kumi chumba kimoja,
waliugua kama watoto wakafa kama watoto,
wakiita mama zao kwa Kiingereza, Kijerumani na Kinorwe.
Gottlieb Reuss, mshona viatu, alikufa kabla hajapewa viatu.
Nimeandika: maradhi.

Desemba, safari. Safari ya nini, daftari halisemi.
Tulikwenda maili kumi na nane kuelekea mto,
tukarudi maili kumi na nane, maana daraja lilikuwa la adui
na kulipokucha halikuwa tena la mtu yeyote.
Nyumbu walizama topeni mpaka matumbo.
Kapteni Harkness akasema vita ni kutembea.
Hatukumcheka, wala hatukumbishia.

Ng'ambo ya mto ndiko alikotokea Isham.
Alikuja usiku, na nyumbu wa bwana wake na sufuria ya chuma,
akaniuliza mimi, mwenye kalamu, hapa alipofika ni wapi.
Sikuwa na jibu fupi.
Aliipikia kombania ya G. Alichimba mahandaki.
Alijua kivuko ambacho ramani ya jenerali haikukijua,
tukavukia hapo, maji ya kifua, bunduki juu ya vichwa,
watu mia sita na kumi, asipotee hata mmoja.
Daftari: Aprili, kuvuka mto.

Mei ndiyo ile siku.
Wengine wataieleza. Mimi nilikuwa nyuma, penye magari,
nikiisikia kama bisi chunguni.
Jioni nikaita majina.
Ukiita, jibu lisipokuja, unahesabu tatu, unaita tena.
Stroud, Lemuel.
Moja, mbili, tatu.
Stroud, Lemuel.
Nduguye akaitika, "Yupo,"
kisha akasema hapana, samahani, ni mazoea.

Baada ya hapo: kuuzingira mji. Kulinda reli. Kulinda ghala la pamba.
Kulinda makaburi yetu wenyewe, wiki mbili, nguruwe walikuwa wanafukua.
Hilo sikuliandika.
Isham alikufa Julai, kwa kuhara, hema moja na sajini,
kwa sababu siku zile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwatenganisha.
Hilo niliandika.

Vita vikaisha, nikafunga hesabu.
Waliouawa, hamsini na watatu.
Waliokufa kwa maradhi, mia na themanini na saba.
Walioachishwa kwa ugonjwa na vilema, mia tatu na kumi na mmoja.
Waliotoroka, ishirini na wanane, na simlaumu mtu.
Waliorudi nyumbani, mia tatu sitini na wanne.

Mwezi haukupita, Washington wakairudisha.
Wino mwekundu, mwandiko mzuri ajabu:
Jumla haikubali. Amezidi mmoja. Sahihisha.

Nilikaa na karatasi ile siku tatu.
Mke wangu alidhani ni barua ya deni.
Siku ya nne nikatwaa kisu, nikaiweka mia na themanini na sita,
jumla ikakubali, nikatuma nakala safi,
na posta wakanirudishia chenji ya senti mbili.

Daftari lenyewe ninalo.
Kwenye orodha ya wafu, kati ya Hoyt na Jessup,
pana mahali karatasi imekuwa nyembamba.
Ukiuinua ukurasa mbele ya taa, mwanga unapita hapo tu,
upana wa herufi tano.