Kimya cha Chumba

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la rangi na misumari, Wete.
Kodi tunaikumbuka kwa viatu vya mwenye nyumba
akipanda ngazi.
Tuko watatu: Bi Mgeni, aliyeuza cherehani akanunua kamera,
Kombo, anayeibeba kamera hiyo kama kitoto kilicholala,
na mimi, Shaame, mtu wa sauti.
Mama hadi leo huwaambia watu nafanya kazi redioni.

Siku za kazi tunawapiga filamu wenye nazo.
Jumanne ile ilikuwa benki.
Meneja alitabasamu mara kumi na moja,
ya kumi na mbili shavu likagoma.
Mwisho wa kila kazi naomba kitu kimoja:
nusu dakika ya kimya.
Kila chumba kina kimya chake, nawaeleza,
nacho ndicho kiraka chetu tukishakata maneno.
Wakanitazama kama niliyeomba sadaka.
Sekunde ya tisa, simu. Ya ishirini, kikohozi, kiti, feni.
Tukawapelekea ankara ya awali,
na hapo kimya wakatupa, tena kingi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatumtozi mtu.
Ni nadhiri ya Bi Mgeni; sababu anaijua yeye.
Tukaenda Konde, darasa la watoto viziwi,
kutengeneza filamu ya kuwafunza wazazi alama:
maji, njaa, tumbo linauma, nani kakupiga.
"Wengine," alisema Mwalimu Faki,
"wana mtoto miaka minane ndani ya nyumba
na hawajapata njia ya kumwambia lala salama."

Nikauliza, basi mimi nimekuja kufanya nini?
Bi Mgeni akanipa kipaza sauti. "Shika."

Nikashika. Masikioni mwangu: chaki,
bangili, kandambili zikikwaruza sakafu,
kicheko kisichojua kuwa kinasikika,
na mikono.
Mikono ina sauti. Miaka tisa ya kazi sikulijua hilo:
kiganja kikipita juu ya kiganja
kama mtu apepetaye mchele chumba cha pili.

Mwisho nikaomba kimya changu, halafu nikaona haya.
Mwalimu akawageukia, akafumba vidole.
Mikono kumi na minane ikatua juu ya madawati.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
hawakuwahi kuvaa hedifoni Konde.
Nilisikia bati likijinyoosha juani.
Nilisikia moyo. Wangu, nadhani.

Kazija wa dawati la mbele akaja kuzijaribu hedifoni.
Akasubiri. Akazivua, akazipindua, akachungulia
kama atafutaye sisimizi kwenye sukari.
Mwalimu akanifasiria: "Anauliza, ndani mna nini?"
Jibu natafuta bado.

Usiku wa kuonyesha tulitundika shuka ukutani mwa skuli.
Kombo alikuwa ametaka muziki, kidogo tu, chini chini.
"Wa nani?" aliuliza Bi Mgeni, yakaisha.
Baada ya alama ya *baba*, Kazija hakuondoka mbele ya kamera:
alifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono, mara mbili, upesi.
Nilidhani joto. Nilikuwa karibu kukikata kipande hicho,
Mwalimu akanizuia: "Hilo ni jina."
Baba yake fundi baiskeli, hujifuta hivyo
grisi isimwingie machoni.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kashika baiskeli ya mtu.
Alipojiona ameitwa,
mkono wake ulikuwa tayari juu ya paji.
Ukabaki hapo.

Filamu ya benki tumeimaliza.
Kimya chao kilikuwa hakifai, nikatia kingine.
Ukiitazama, pale kati ya *mkopo* na *nafuu*,
meneja anapovuta pumzi,
sikiliza: ni mikono kumi na minane
imetulia.