Saa Sita Nilizozidisha

Grimsby, Januari, zamu ya usiku.
Mkanda unaleta samaki weupe wa bahari baridi
nasi twawachuna minofu bega kwa bega,
glovu za bluu, buti nyeupe, masikio yamezibwa.
Rasa sikumsikia akipiga kelele. Niliona barafu.
Barafu ya kreti yake ilikuwa nyekundu.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.
Sakafuni pale, nawaambieni, ilikuwa nyepesi:
ilishikana na maji ya bomba ikakimbilia mtaroni
kama mtu anayewahi basi.

Mimi ndiye mwenye beji ya kijani.
Jumamosi moja tu, chumba cha juu ya maktaba, chai na biskuti,
tulibonyeza kifua cha sanamu lisilo na miguu
na mwalimu, Bwana Threlfall, akanisifu mikono.
Sanamu halikuwa na damu. Halikuniita jina.

Sanduku la ukutani: plasta, makasi butu,
dawa ya macho iliyokwisha muda mwaka juzi.
Nikanyakua taulo, nikagandamiza chini ya kiwiko
kwa uzito wangu wote na wa wanangu.
Simu imelala sakafuni, sauti ya mwanamke ndani yake:
usiachie, usichungulie, usiachie.
Taulo likalowa.
La pili likalowa.
Sauti ikauliza kama nina kitu cha kufungia.

Nikamwekea msimamizi mikono yake pale palipokuwa yangu,
Colin, uso kama unga,
nikakata kamba ya aproni yangu,
nikaizungusha juu ya kiwiko, nikapitisha chuma cha kunolea visu,
nikasokota. Rasa akanitukana kwa Kilithuania.
Nikasokota tena. Akamtukana na mama yangu, nadhani.
Damu ikasita,
ikafikiri,
ikakoma.
Nikatazama saa ya ukutani.

Wakaja wawili, mvua mabegani.
Yule mrefu akatoa kalamu nyeusi: umefunga saa ngapi?
Nikamjibu kwa Kiingereza chao, sawasawa, bila kugugumia:
saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Kalamu ikaganda hewani.
Akavitazama vidole vya Rasa, akamtazama mwenzake.
Niliyaona macho yakipiga hesabu:
tangu jana usiku? Saa sita na nusu?
Mkono usioonja damu saa sita na nusu
ni mkono wa kuagwa.

Hapo nikajisikia.
Ulimi ulikuwa wa hapa, saa ilikuwa ya nyumbani,
ile inayoanza kuhesabu jua likishatoka,
ambayo asubuhi huzaliwa na moja, si na saba.
Jua la Grimsby Januari lenyewe halijui litatoka lini.
Tano! nikapiga ukelele. Tano na dakika kumi na mbili! Leo hii!
Toa sita! Toa sita!
Hakuelewa. Nikamwonyesha ukuta
kwa mkono uliokataa kukunjuka ngumi.

Akaandika kwenye paji la uso wa Rasa, tarakimu nne,
kama bei.

Walipoondoka nilikaa juu ya kreti.
Colin akaniletea fomu: jina, mahali, muda wa tukio.
Palipoandikwa muda niliinua kalamu nikaishusha mara tatu.
Wiki ile mshahara ulipungua pauni saba,
aproni, kuharibika.

Rasa alirudi mwezi wa nne. Kidole cha mwisho hakikunji,
amehamishiwa kwenye lebo.
Hatujaongea habari ile, hata siku moja.
Ila ikikaribia mapumziko huvua kizibo cha sikio,
huniinulia kidevu kutoka upande wa pili wa mkanda,
saa ngapi, huuliza, kwa Kiswahili, maneno mawili aliyoyaiba kwangu,
na mimi humjibu zote mbili,
ya kwake kwanza.