Mrunda Wenye Pete Nyekundu

Somo la mito nililipakua saa saba usiku,
bando likiwa rahisi na jirani amezima redio,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa dirishani,
mahali pekee mtandao unapoingia bila kubembelezwa.
Asilimia tisini na moja. Ikaganda.
Nikapika chai, nikarudi.
Tisini na mbili.

Asubuhi, darasa la tano B, watoto themanini na sita
wakapokezana kioo chenye ufa.
Mto wa mle ndani ulikuwa na daraja la mbao,
theluji kwa mbali, samaki wa kuhesabika,
wala hapakuwa na mfuko hata mmoja.
Sikudhani akautazama sana, akanirudishia simu:
"Mwalimu, huo si mto. Hiyo ni picha."

Sikuwa na chaki ya kujibu hilo.

Tukatoka. Hatua mia na kumi mpaka Msimbazi.
Jumatatu maji yalikuwa na rangi ya chai kavu,
Jumanne buluu, maana huko juu kuna wanaotia vitambaa rangi,
Alhamisi meusi, yananuka ngozi mbichi.
Kibwana akayaandika yote kwenye daftari la Hisabati;
nilipomuuliza, akasema hii nayo ni hesabu.

Fundi Mahimbo akatupa mrunda uliobaki kwenye zege la mtu
na rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mtu mwingine.
Kila shubiri, pete moja.
Shubiri ya Sikudhani, si yangu,
kwa hiyo mto wa Kigogo una kipimo chake duniani.

Nikayatuma yote kwa walimu wenzangu wa mtandaoni,
watu nisiowajua sura.
Mwalimu Nzowa wa Tukuyu: Rangi hiyo haitoki na maji?
Sengerema wakatuma magugumaji, wameyapima kwa chandarua.
Mikindani, mchoro wa mkoko, mizizi imepewa namba.
Mtu mmoja wa mbali sana akaweka kidole gumba, basi.
Na Mwalimu Apaikunda, wa Pugu:
Mto wenu unapita nyuma ya vyoo vyetu.
Tupime pamoja.
Akaambatanisha picha ya vilima, udongo mwekundu
kama mdomo wa mla tambuu.

Basi tukawa tunaandikiana maji.

Aprili. Ujumbe wake ulisema:
Imeshuka huku. Pete tano, na bado inapanda.
Aliutuma saa nne kasorobo.
Mimi uliniingia saa tisa alasiri,
kwa sababu bando lilikata juzi
na mshahara ulikuwa bado unatembea kwa miguu.

Lakini saa tano Sikudhani alikuwa dirishani.
"Mwalimu, maji yamekuwa mekundu.
Huo ni udongo wa kwa akina Apaikunda."
Sikuuliza mara mbili.
Themanini na sita, nikawahesabu hadi barabarani,
nikawahesabu tena, nikapata themanini na saba:
nilikuwa nimejihesabu na mimi.

Maji yakaingia darasani bila kubisha hodi,
yakasoma daftari zote, hayakurudisha hata moja.

Leo tope limekauka ukutani,
mstari umenyooka juu ya jedwali la saba mara saba.
Sitapaka chokaa.
Nimepiga picha: Somo la kumi na mbili, ukuta.
Kipimo, mabega ya Kibwana.
Apaikunda ameuliza: mrunda wenu uko wapi?

Nimewasomea darasa swali hilo.
Sikudhani akawaza, kalamu mdomoni.
"Umeshuka. Tuwaulize wa Salenda."
Kisha akanyamaza, kama mtu aliyejikwaa:
"Mwalimu, hao wa chini yetu
tumewahi kuwatumia nini
zaidi ya mifuko?"

Natafuta jina la shule yao.
Mtandao unazunguka. Chai imepoa.
Natafuta.