Maziwa Saa Tisa ya Usiku

Wodi ya nne, Tartu. Theluji imeziba dirisha hadi kiunoni
na mto Emajõgi umelala chini ya barafu yake.
Nasikia bomba la bafuni. Halifungwi.

Virve yuko kwenye sinki, mgongo wazi,
anafikicha gauni la kulalia kwa sabuni ya mikono.
Anaficha kifua kwa kiwiko.
Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe:
"Maimu, ninatoka maziwa."

Ana miaka hamsini na mmoja. Hakuzaa.
Miaka ishirini na sita alipanga barua posta,
akajua kila muhuri umetoka wapi.
Sasa hii, barua isiyo na anwani, imemlowanisha usingizini,
na sauti zile, kimya tangu Jumapili,
zimepata la kusema:
Ulizaa. Wamekuibia. Inuka ukamtafute.

Sikumbishia. Sikumkubalia pia.
Nilifunga bomba, nikampa taulo kavu,
nikakaa sakafuni, maana kiti kingenifanya mrefu.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Mimi nauliza, ndiyo kazi, nauliza hata uji:
Yameanza lini? Yanauma?
Yanakuja yenyewe, au ukiminya?
"Tangu waliponiongezea vidonge."

Basi, Virve, ikumbuke ile rafu ya vijisanduku.
Kichwani, neva na neva hazigusani.
Kati yake pana ufa, mwembamba kuliko ukingo wa bahasha,
na habari haivuki mpaka tarishi aibebe.
Tarishi mmoja huitwa dopamini.
Kwenye njia moja yako alibisha hodi kupita kiasi,
kila kitu kikawa barua yako wewe:
namba za basi, kikohozi cha jirani, taa ya barabarani.
Kidonge kimesimama mlangoni, kinamzuia.
Ila kidonge hakijui kusoma anwani.
Kimemzuia na kule chini, kwenye tezi ndogo kama punje ya choroko,
ambako hakuwa na kelele zozote, alikuwa bawabu tu,
mkono wake juu ya koki ya maziwa, mchana na usiku.
Bawabu kazuiwa. Koki imelegea.
Ndiyo hayo.

Alinitazama muda mrefu.
"Kwa hiyo hakuna mtoto."
"Hakuna mtoto."

Hapo akalia, nami sikuwa nimejiandaa,
kwani haikuwa hofu, hofu naijua.
Mimi nilileta jibu; yeye alikuwa amefiwa.
Kwa saa moja, kwenye vigae vya bafu la wodi ya nne,
alikuwa mama,
nami ndiye niliyempokonya, kwa maelezo mazuri.

Nilimshika mkono. Nao una neva,
sijui tarishi gani alivuka, sikumuuliza jina.

Daktari Raudsepp, kwenye simu, na usingizi kinywani:
"Tutaona asubuhi."
Nikamwambia asubuhi atakuwa ameacha kumeza,
na mwezi ujao polisi watamleta bila viatu.
Kimya. Nikasikia akiwasha taa.
Damu tukatoa alfajiri, prolaktini ilikuwa juu mno,
dawa ikabadilishwa polepole, nusu kwa nusu,
kidonge kipya kikiingia huku cha zamani kikiaga.

Maziwa hayakujua hayo. Yaliendelea siku kumi na moja.

Siku ya pili nilivuka ua hadi wodi ya wazazi
kuomba pedi za kifuani, zile za mama wachanga,
gauni lisiloweke tena, asione haya mezani.
Mkunga, kijana, mchangamfu, alinijazia mfuko.
"Hongereni," akasema. "Wa kike au wa kiume?"

Nikasimama na theluji ikiyeyuka viatuni.
Kati ya swali lake na mdomo wangu palikuwa na ufa,
mwembamba, mwembamba kabisa,
na hakuna tarishi aliyevuka.